Siku moja maishani mwangu: natia klorini maji ya ziwa Kivu, ufukwe wa Kituku, Goma, Kongo

Saa kumi na moja na nusu alfajiri wachotaji wako ziwani tayari, maji magotini. Mimi niko juu ya mawe ya volkano na meza yangu, nakoroga dawa ya leo: gramu 15 za poda ya klorini ya asilimia 70 kwa lita moja ya maji, napata mchanganyiko wa asilimia 1. Naufunika kivulini, maana jua na joto vinaivunja klorini upesi.

Mpaka saa nne ni sindano ya kupimia dawa, kifuniko, tikisa, chaki. Maji yakiwa meupe, bila tope, mililita 4 zinatosha bidoni (dumu) ya lita 20. Ubavuni mwa kila bidoni naandika saa ya kunywa: nusu saa kutoka sasa. Wapita njia wanaona sindano tu, wanadhani kazi imeishia hapo. Ile nusu saa hawaioni, nayo ndiyo inayoua vijidudu.

Kisha mvua. Goma ikinyesha, barabara zote zinateremsha mchanga mweusi na taka hadi ufukweni. Nilipopima bidoni iliyokwisha kungoja, kidonge cha kupimia kiliyeyuka na maji hayakugeuka rangi: klorini haikubaki. Klorini haichagui: inakutana na tope kwanza, inaishia humo. Nikasimamisha foleni, nikapanga ndoo nne za lita 20 zenye mililita 4, 5, 6 na 7 za dawa, nikaanza kuhesabu dakika.

Hapo ndipo alipofika mama mmoja wa malewa, mgahawa wa mtaani, bidoni sita juu ya chukudu, baiskeli ya mbao ya kusukuma.

“Mutoto yangu, watu wananingoja. Weka mara mbili, dawa ikiwa mingi itaua mbio.”

“Uko na haki, mama,” nilimwambia, na kweli alikuwa nayo. Klorini ikiongezeka majini inakutana na vijidudu mara nyingi zaidi, kazi inaharakika. Ndiyo maana sisi tunazidisha nguvu ya dawa kwa muda wa kungoja. Lakini nguvu ninayohesabu ni ile iliyobaki baada ya tope kula yake, na siku hiyo tope lilikuwa halijaniambia limekula ngapi. Nikitia kwa kubahatisha, pengine haibaki kitu. Pengine inabaki nyingi mno, maji yananuka, wateja wake wanayakataa, na kesho yake ananipita bila kusimama.

Hakuridhika. Akasema kipindupindu hakihitaji nusu saa. Kweli, chenyewe kinakufa upesi. Ila bidoni ina wageni wengine: Giardia, kimelea cha kuharisha, inajifungia ndani ya ganda gumu, inataka muda mrefu. Tena maji ya Kivu yana magadi, pH yake (kipimo cha asidi na magadi) karibu 9, na katika maji ya namna hiyo sehemu kubwa ya klorini inakaa katika sura yake dhaifu, inayoua polepole. Kwa hiyo nusu saa hapa si muda wa kupunguza hata kidogo. Nikamwambia akiwa na haraka sana, achemshe. Moto unamaliza kazi mara moja. “Makala yako bei!” akajibu, yaani makaa ni ghali, na foleni nzima ikamuunga mkono. Walinikasirikia wote, mvua ikitunyeshea wote.

Ndoo ya 4 haikuonyesha kitu. Ya 5 ilipata wekundu hafifu. Ya 6 ikawa ya waridi wazi, miligramu 0.5 za klorini iliyobaki kwa lita. Nikafuta 4 kwenye ubao, nikaandika 6, nikaanza na bidoni za mama.

Baada ya hapo saa zilichanganyika. Mgongo, jua limerudi, watoto wenye vibidoni vya lita 5 ambavyo lazima nivikokotolee dozi upya. Wakubwa wa hapa wanakumbuka Julai 1994, kipindupindu kilivyoua maelfu ya wakimbizi waliokunywa maji kama haya bila dawa. Nikichoka nawafikiria hao, najivunia sindano yangu.

Jioni kijana wa chukudu akarudi na bidoni nyingine za mama yule.

“Kaka, mama anauliza: nusu saa inaanzia hapa ao nyumbani?”

“Hapa, dawa ikiingia na kifuniko kikifungwa. Kupanda mpaka malewani munatumia muda gani?”

Akafikiri. “Karibu dakika makumi mbili na tano.”

“Basi mukifika, mungoje tano tu.”

Nikamwandikia saa kwa chaki, akasukuma.