Mvua ya mawe, gari la kukodi, na nani atalipa

Mwezi wa Mei, kaunta za magari ya kukodi hapa Oklahoma City hupata wageni wa aina mbili. Kuna wakimbiza dhoruba: Waingereza, Wajerumani, Waaustralia, na Wamarekani wa majimbo mengine, wamebeba kamera na kompyuta kuja kutafuta tonado. Halafu tupo sisi Watanzania: shangazi, wajomba na binamu waliotoka Texas, Minnesota au Ohio kuja kwenye mahafali ya mtoto. Kazi yangu ni kupokea magari yanaporudishwa, na niwaambie ukweli, wale wanaoonekana wendawazimu ndio wanaosoma mkataba. Sisi tunasaini tu.

Mkimbiza dhoruba mzoefu hukaa mbali na tonado yenyewe. Wanakumbuka tarehe 31 Mei 2013 pale El Reno, magharibi mwa hapa, tonado ilipotanuka hadi upana wa zaidi ya kilometa 4 na kumuua mtafiti Tim Samaras, mwanawe Paul na mwenzao Carl Young waliokuwa kwenye gari moja. Kinachowatia hasara ya fedha msimu hadi msimu ni mvua ya mawe. Punje ya sentimita 4 inabonyeza boneti na paa, ya sentimita 7 inapasua kioo cha mbele. Na mawe hayachagui: yanampiga aliyeyafuata porini na aliyeegesha gari hotelini akaenda kulala.

Sasa hapa ndipo ndugu zangu wengi wanapoumia. Nyumbani Tanzania tunajua bima ndogo na bima kubwa. Huku ndivyo hivyo, ila bima kubwa imegawanywa vipande viwili: kimoja cha kugonga, kingine cha mabalaa mengine kama mawe, upepo, mafuriko, wizi, mti kuangukia gari. Sheria ya Oklahoma inadai bima ndogo tu: dola 25,000 kwa majeruhi mmoja, 50,000 kwa majeruhi wote wa ajali moja, na 25,000 kwa mali ya watu. Wengi tunaendesha gari la zamani na tunaishia hapohapo, kwa sababu gari lenyewe halistahili kulipiwa zaidi. Siwalaumu, hata mimi nilianza hivyo.

Shida inakuja unapokodi gari jipya, ukamwambia wa kaunta, "Nina bima yangu." Ni kweli unayo, na kwa kawaida inakufuata kwenye gari la kukodi, lakini inakufuata jinsi ilivyo. Kama haigusi mawe kwenye gari lako, haitayagusa kwenye gari la kampuni.

Kile wanachokuuzia kaunta, CDW au LDW, kisheria mara nyingi hakihesabiwi kuwa bima. Ni ahadi ya kampuni kwamba gari lao likiharibika hawatakudai. Ukimgonga mtu, hilo ni jambo jingine kabisa. Lakini kwa mawe ndiyo njia isiyo na kichwa kuuma: unarudisha gari limebonyea kila mahali, unajaza fomu, unaenda zako. Ila ahadi ina masharti. Akiendesha mtu ambaye hakuandikwa kwenye mkataba, imekufa. Ukilewa, imekufa. Kwa mikataba mingi, ukitoka kwenye lami, imekufa pia, na hapo ndipo wakimbiza dhoruba hubanwa. Mashamba ya huku yamekatwa na barabara karibu kila maili moja, nyingi ni za udongo mwekundu ambao ukilowa unateleza kama sabuni. Wanaosha gari kabla ya kulirudisha, wakidhani hatujui. Tunainama na tochi, udongo uko palepale nyuma ya matairi.

Kadi ya mkopo nayo inaweza kukulinda, lakini kwa kawaida inataka ulipie ukodi wote kwa kadi hiyo, jina lako liwe kwenye mkataba, na uikatae CDW. Nyingine zinalipa kwanza, nyingine zinangoja bima yako imalize. Wapigie simu kabla ya safari, uwaulize waziwazi kama mawe yamo.

Mwaka jana dada mmoja wa kwetu aliikataa CDW, bima yake ikiwa ndogo. Mawe yakashuka usiku. Alipiga picha asubuhi, akatoa taarifa siku ileile, yote sawasawa. Baada ya wiki kadhaa ikaja barua: matengenezo, ada ya ofisi, kushuka kwa thamani ya gari, na siku ambazo kampuni ilikosa kulikodisha. Akanipigia: "Kaka, mbona nadaiwa siku ambazo gari sikuwa nalo?"

Dai hilo lipo kwenye mikataba, na baada ya dhoruba kubwa linavimba vibaya. Mafundi wa bodi wanafurika kazi, gari linapanga foleni, na kila siku ya foleni inaandikwa kwako. Lakini kampuni huipata hasara hiyo pale tu gari lilipohitajika na halikuwepo. Kama yadi ilikuwa na magari mengine yamelala, hapo pana la kuhoji. Nimewahi pia kuona gari lenye mabonyeo likiendelea kukodishwa, maana linatembea vizuri tu.

Nikamwambia aandike aombe vitu vitatu: makadirio ya fundi pamoja na picha, tarehe gari lilipoingia na kutoka gereji, na rekodi ya magari yao kwa siku zile. Hizo rekodi hata kampuni za kadi huwa zinazitaka kabla hazijalipa. Vya kwanza viwili vilikuja haraka. Rekodi ya magari haikuja, na barua iliyofuata ilikuwa imeondoa siku zote zile. Kushuka kwa thamani wakapunguza. Matengenezo yalibaki, wakakubaliana alipe kidogokidogo kila mwezi.