Jioni ya Bohéma Mjini Prague

Tangazo lilikuwa limebandikwa kwenye kituo cha tramu, likiwa na neno moja kubwa, Bohéma, na chini yake jina la Puccini, Mtaliano mtunzi wa opera. Wakati huo nilikuwa mwanafunzi mjini Prague, nikipanga chumba kwa bibi mjane aliyekuwa mhasibu kabla ya kustaafu, mzaliwa wa Plzeň, ambaye kila mwezi alipiga hesabu za umeme na maji kwa kalamu ya risasi na kunionyesha hadi senti ya mwisho. Kwa kuwa Plzeň iko Bohemia, lile eneo la magharibi mwa nchi ya Wacheki, nilimuuliza kama opera hiyo ilihusu watu wa kwao.

“Nchi yetu sisi tunaiita Čechy,” alinijibu. “Hao wa kwenye tangazo ni mabohém, na neno hilo tumeletewa kutoka Paris.”

Siku ya onyesho nilipitia maktaba kwanza, nikaona kwamba bibi alisema kweli tupu. Bohemia ni jina la Kilatini lililotokana na Waboii, kabila la Wakelti waliokaa huko kabla ya Waslavi. Katika karne ya 15 Waroma, jamii ya wahamaji ambao asili yao ya mbali ni kaskazini mwa India, walifika Ufaransa, na Wafaransa, wakidhani wametokea Bohemia, wakawaita bohémiens. Miaka mia nne baadaye jina hilo likavishwa wachoraji, washairi na wanamuziki wa Paris walioishi kwenye vyumba vya darini bila kipato cha uhakika. Aliyelieneza zaidi ni Henri Murger, mtoto wa fundi cherehani, ambaye hadithi zake za maisha hayo zilianza kutoka gazetini mwaka 1845, zikafanywa tamthilia mwaka 1849 na kitabu mwaka 1851. Huyo aliyajua aliyoyaandika. Alisema kuwa bohème ni utangulizi wa kuingia Akademia, hospitali au chumba cha maiti. Wengi wanaojiita hivyo leo hukumbuka mvinyo tu.

Jioni, tukiwa ndani ya tramu kuelekea kwenye opera, nilimtafsiria bibi sentensi nyingine ya Murger, kwamba Bohemia haipo wala haiwezekani popote isipokuwa Paris. Alicheka mpaka abiria wakageuka. “Basi mimi nimezaliwa wapi?” akauliza.

Kisha akanyamaza kidogo, akanitajia Lety, kijiji cha kusini mwa Bohemia, ambako kati ya mwaka 1942 na 1943 Waroma walifungiwa kambini. Zaidi ya 300 walifia humo, wengi wao watoto, na wengine wengi wakasafirishwa hadi Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi. Kwa miongo kadhaa baada ya vita palikuwa na shamba la nguruwe mahali hapo. Alizungumza kwa sauti ya kawaida, kama mtu asomaye mizania, na mimi tangu siku hiyo siwezi kulitumia neno bohém kumsifia msanii bila kuwaza kwamba lilikuwa jina la watu ambao hawakuchagua kuhamahama kwa ajili ya mashairi.

Opera yenyewe, iliyoonyeshwa mara ya kwanza Turin mwaka 1896 chini ya uongozi wa kondakta Toscanini, ilinishika tangu mwanzo, kwa sababu baridi ile ya chumba cha Rodolfo, mshairi maskini wa opera hiyo, ambamo mswada wa tamthilia unachomwa ili watu wapate joto, niliifahamu vizuri. Bibi aliguswa na jambo jingine. Katika sehemu ya kwanza mwenye nyumba, Benoît, anakuja kudai kodi. Vijana wanamlewesha, wanamchokonoa mpaka anajisifia wanawake, kisha wanamfukuza bila kumlipa. Ukumbi mzima ulicheka isipokuwa yeye. Wakati wa mapumziko alinunua kahawa mbili, akanipa moja, akasema kuwa Benoît alikuwa na haki yake, na kwamba kodi yangu ilitakiwa Jumatatu.