Taya la mpwa wangu

Mpwa wangu ana miaka 14, mwaka jana akaanza kuvimba taya la chini hapa Jinja, kliniki ya kwanza wakasema ni jino tu, wakampa dawa tukarudi nyumbani. Uvimbe haukuisha. Tukampeleka Kampala akapigwa eksirei ya taya zima, kumbe ana sisti tatu, yaani vifuko vya uvimbe ndani ya mfupa, mbili chini moja juu!

Zinaitwa keratosisti, zinaanzia kwenye mabaki ya tishu iliyotengeneza meno, zinakula mfupa kimyakimya na zisipotolewa vizuri zinarudi. Moja peke yake sawa, hutokea. Lakini nyingi kwa mtoto, hapo daktari lazima afikirie sindromu ya Gorlin, ugonjwa wa kurithi, ile wataalamu Gorlin na Goltz waliyoieleza 1960, mara nyingi ni jeni ya PTCH1 kwenye kromosomu ya 9 ndo ina hitilafu, na mzazi akiwa nayo kila mtoto ana nafasi 50 kwa 100 ya kuirithi.

Daktari akamwangalia viganja, vina vishimo vidogo vidogo, dalili nyingine ya sindromu hii, kisha akamgeukia dada yangu, "mama, na wewe hebu fungua mikono." Vishimo vilevile. Dada akanyamaza kabisa.

Kwa sisi wenye ngozi nyeusi ile saratani ya ngozi inayoambatana nayo huwa si ya kawaida sana, kwa hiyo taya ndo linaweza kuongea kwanza, jamani msilipuuze. Wadogo wawili wa mpwa wangu wanapimwa mwezi ujao, kwa eksirei chache iwezekanavyo maana mionzi inaweza kuwaletea saratani watu wa sindromu hii.