Jemadari Aliyeshuka Farasi: Tafakari juu ya Mtakatifu Nuno

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Somo la tafakari yetu juma hili ni Luka 14:25-33. Injili hii husomwa Jumatano ya juma la 31 la Kipindi cha Kawaida cha mwaka wa Kanisa, mara nyingi mwanzoni mwa Novemba, na tarehe 6 ya mwezi huohuo Wakarmeli, yaani watawa wa shirika la Bikira Maria wa Mlima Karmeli, na waamini wa Ureno humwadhimisha Mtakatifu Nuno wa Santa Maria. Kwetu hajulikani sana. Lakini kila nikiisoma Injili hiyo namwona yeye: wamo ndugu wa damu, umo mnara unaojengwa, yumo mfalme anayekwenda vitani na watu wachache kuliko adui yake, na mwishoni lipo lile neno gumu: "Basi, kadhalika kila mmoja wenu asiyeacha vyote alivyo navyo, hawezi kuwa mwanafunzi wangu."

Tazameni jinsi Yesu anavyotupeleka. Anatuambia tuketi kwanza, tupige hesabu. Mjenzi ahesabu fedha, mfalme ahesabu askari. Mtu angetazamia amalizie kwa kusema: kama havitoshi, tafuta vingine. Yeye anasema: acha vyote. Hesabu gani hiyo inayomwacha mtu mikono mitupu, na bado ikaitwa busara? Nuno aliifanya hesabu hiyo mara mbili, kwanza akiwa kijana wa miaka 25 katika uwanja wa vita, kisha akiwa mzee wa miaka 63 kwenye mlango wa konventi, yaani nyumba ya watawa.

Jina lake la ukoo ni Nuno Álvares Pereira. Alizaliwa tarehe 24 Juni 1360, sikukuu ya Kuzaliwa kwa Yohane Mbatizaji. Baba yake, Álvaro Gonçalves Pereira, alikuwa mkuu nchini Ureno wa shirika la kijeshi na kitawa la Hospitali ya Mtakatifu Yohane, na babu yake alikuwa Askofu Mkuu wa Braga. Mtoto huyu hakuzaliwa katika ndoa. Ilibidi mfalme atoe hati ya kumhalalisha alipokuwa na umri wa mwaka mmoja hivi. Nalitaja hili kwa makusudi, kwa sababu katika jumuiya zetu wamo watu wazima ambao mpaka leo wanauguza jeraha la kuitwa "mtoto wa nje", wengine waliitwa hivyo na watu wa kanisani. Huyu ni mtakatifu wao.

Akiwa na miaka 13 aliingia kutumika katika nyumba ya malkia Leonor Teles. Akiwa na 16 alimwoa Leonor de Alvim, mjane kijana mwenye mali. Kati ya watoto wao watatu, aliyekua ni binti mmoja tu, Beatriz.

Mwaka 1383 Mfalme Fernando alikufa bila mtoto wa kiume. Binti yake wa pekee wa ndoa alikuwa ameolewa na Juan, mfalme wa Castilla, ufalme mkubwa wa jirani ambao baadaye ukawa kiini cha Hispania. Ureno ikawa karibu kumezwa. Watu wa Lisbon na miji mingine wakasimama na João, ndugu wa marehemu mfalme kwa baba, aliyekuwa mkuu wa Avis, shirika jingine la kijeshi na kitawa. Nuno akasimama naye. Ndugu zake Pedro na Diogo wakaenda upande wa Castilla.

Hapa naomba tutulie kidogo. Tarehe 6 Aprili 1384, huko Atoleiros, Nuno alipiga vita yake kubwa ya kwanza, na Pedro alikuwa miongoni mwa wakuu wa jeshi lililokuja kumpiga. Mwaka uliofuata, katika vita vya Aljubarrota, Pedro na Diogo walikufa wakiwa upande ule mwingine. Tumezoea kulipita haraka neno la Bwana kuhusu baba, mama na ndugu, kana kwamba ni ukali wa lugha tu. Kwa Nuno lilikuwa na sura na majina. Alishinda vita ile ile iliyowaua ndugu zake. Injili haikumtaka aufurahie msiba huo, na mimi siamini kwamba aliufurahia. Wapo kati yetu waliotengana na ndugu zao kwa sababu ya shamba la urithi, siasa, au kwa sababu mmoja aliokoka na mwingine hakuelewa. Wanajua kwamba mtu anaweza kuwa katika haki na bado akalia usiku.

Basi tuje Aljubarrota. Aprili 1385 João alitangazwa kuwa mfalme mjini Coimbra, na Nuno, ambaye hajatimiza hata miaka 25, akafanywa Condestável, yaani mkuu wa majeshi yote chini ya mfalme. Miezi michache baadaye Castilla ikaingia na jeshi kubwa. Huko Abrantes washauri wa mfalme walisita. Wengine walitaka kuzunguka na kwenda kuishambulia nchi ya adui kuliko kumkabili uso kwa uso. Nuno hakuona jinsi ya kuiacha Lisbon wazi. Akaondoka na watu wake kumfuata adui, na mfalme akamfuata. Waliungana Tomar.

Hakuwa mtu wa kukurupuka. Alichagua kilima chenye mabonde pande mbili, watu wakachimba mitaro na mashimo mbele ya mistari yao, na wapiga mishale wa Kiingereza wakapangwa pembeni. Wareno walikuwa watu elfu sita au saba hivi. Castilla iliwazidi mara kadhaa, tena ilikuwa na wapanda farasi wengi ambao ndio waliokuwa nguvu na fahari ya vita vya wakati ule. Na Nuno, aliyesimama mstari wa mbele, aliwashusha mashujaa wake kutoka kwenye farasi. Walipigana kwa miguu. Siku yenyewe ilikuwa 14 Agosti 1385, mkesha wa Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria. Vita ilipoanza jioni, muda wa saa moja hivi ulitosha kuvunja jeshi la Castilla.

Wataalamu wa vita wanaeleza ushindi huo kwa mashimo, mishale na upana mdogo wa uwanja, nao wana haki. Ila mimi nasikia pia Zaburi ya 20: "Hawa wanataja magari na hawa farasi, bali sisi tutalitaja jina la BWANA, Mungu wetu." Shujaa wa karne ile bila farasi wake alikuwa ameacha heshima yake pamoja na njia yake ya kukimbia. Akishuka, amefungana na askari wa kawaida aliye kando yake: watapona wote au watakufa wote. Bendera ya Nuno ilikuwa na sura ya Msulubiwa, Bikira Maria, na watakatifu Yakobo na Georgi. Alifunga Jumatano, Ijumaa na Jumamosi, na alihudhuria Misa kila siku hata akiwa kambini. Kwa hiyo alipowaambia watu washuke, alikuwa akiwaomba kitu ambacho yeye mwenyewe alikuwa anakifanya mbele za Mungu kila juma.

Miezi miwili baadaye, Oktoba 1385, aliingia ndani ya Castilla, na huko Valverde jeshi lake likazingirwa. Wenye kusimulia habari zake wanasema katikati ya mapigano alitoweka. Watu wakamtafuta kwa hofu, wakamkuta amepiga magoti kati ya miamba, anasali. Walipomhimiza, alijibu kwamba saa bado. Alipomaliza, akainuka, akaongoza, wakashinda. Nimesikia watu wakiutumia mfano huo kufundisha kwamba ukisali utashinda kila vita. Sidhani ndio ujumbe wake. Kinachonigusa ni kwamba mtu ambaye kila mmoja alimhitaji kwa saa ile aliweza kuondoka mbele ya macho yao. Hakujiona kuwa yeye ndiye anayeishikilia dunia isianguke.

Najua baadhi yenu mnauliza: mtu wa upanga anakuwaje mtakatifu? Ni swali halali, na sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tuna sababu zetu za kuliuliza. Mwaka 1415 Nuno, akiwa na miaka 55, alikuwa katika msafara wa Mfalme João ulioiteka Ceuta, mji wa Waislamu kaskazini mwa Afrika, na kutoka hapo Wareno walizidi kusogea kusini. Mfalme Manuel, ambaye wanamaji wake walifika Mombasa na Malindi mwaka 1498, na ambaye meli zake za kivita ziliipora Kilwa na kuichoma Mombasa mwaka 1505, alikuwa kilembwe cha Nuno kupitia Beatriz. Hata Isabel, malkia wa Castilla ileile aliyopigana nayo, alikuwa kilembwe chake. Uzao wa mtu huenda mahali ambapo yeye hakuwatuma, na utakatifu haurithiwi kama shamba. Kanisa halikuuweka upanga wake altareni. Lilimtazama mtu mzima, pamoja na alichofanya na upanga huo alipokuwa bado na nguvu za kuushika.

Alichofanya ni hiki. Mke wake alikufa miaka michache tu baada ya Aljubarrota, naye bado kijana, tajiri, wa pili kwa cheo katika ufalme. Akakataa kuoa tena. Mwaka 1389 alianza kujenga juu ya kilima cha Lisbon kanisa na konventi ya Bikira Maria wa Mlima Karmeli, akawakaribisha Wakarmeli. Huo ndio mnara wake, naye aliumaliza. Amani na Castilla ilipatikana mwaka 1411. Binti yake Beatriz alitangulia kufa. Ndipo mzee akaanza kugawa: ardhi na vyeo kwa wajukuu, mali kwa askari waliopigana naye, na misamaha kwa waliokuwa na madeni yake. Agosti 1423 akaingia konventi aliyoijenga kwa fedha zake mwenyewe.

Angeweza kuingia kama mfadhili na kupewa chumba cha heshima. Aliomba nafasi ya chini kabisa, ya donato, mtu wa kutumika ndani ya nyumba ya watawa asiye hata padre. Akaitwa Nuno wa Santa Maria. Alitaka kwenda kuomba chakula mitaani Lisbon, na kisha kuhamia nyumba ya mbali ambako hakuna anayemjua. Mwana wa mfalme, Duarte, akamzuia. Basi akabaki, akasimamia chakula cha maskini waliokuja mlangoni kila siku. Mtu aliyelisha jeshi akawa mgawa sahani.

Kuna hadithi inayopendwa sana kwamba mjumbe wa Castilla alimtembelea akamuuliza kama atalivaa vazi lile daima, naye akafunua kidogo na kuonyesha deraya chini ya kanzu, akisema atalivua tu nchi ikivamiwa tena. Ni hadithi ya watu, na naelewa kwa nini wanaipenda. Mimi namwona zaidi yule wa mlangoni.

Alikufa mwaka 1431, na mapokeo yanasema ilikuwa Jumapili ya Pasaka, tarehe 1 Aprili. Tetemeko la 1 Novemba 1755, siku ya Watakatifu Wote, liliangusha kanisa alilolijenga, liitwalo Carmo kwa Kireno, na kuharibu kaburi lake. Kuta na matao yamebaki mpaka leo bila paa. Papa Benedikto XV alimtangaza mwenyeheri mwaka 1918, na Papa Benedikto XVI akamtangaza mtakatifu tarehe 26 Aprili 2009.

Jambo moja zaidi kuhusu nyumba ile, maana linatuhusu. Sehemu ya konventi ya Carmo ilikuja kugeuzwa kambi ya askari. Tarehe 25 Aprili 1974 waziri mkuu wa Ureno, Marcello Caetano, alijifungia humo huku wanajeshi waasi wakiwa nje, na humo ndimo alimokabidhi madaraka. Juni 1975 Msumbiji ikawa huru, baada ya vita ambavyo Tanzania ilivibeba pamoja nao: FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, iliundwa Dar es Salaam mwaka 1962, na wapiganaji wake walifunzwa Nachingwea. Katika nyumba hiyohiyo, mmoja aliacha madaraka kwa hiari, mwingine aliyaacha akiwa amezingirwa.

Na sisi? Wengi wetu hatuna majeshi. Tuna kiti cha mwenyekiti wa jumuiya, funguo za kanisa, kitabu cha hesabu za WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania), nafasi ya kwanza katika kwaya, sauti ya mwisho katika kikao cha ukoo. Tunashikilia kwa sababu tunaamini mambo yataharibika tukiondoka. Pengine ni kweli yataharibika kidogo. Ukikutana na mtu aliyeongoza miaka mingi kisha akakaa benchi la nyuma, akafagia uwanja wa kanisa Jumamosi bila kunung'unika kuhusu kiongozi mpya, mheshimu sana. Amefika mahali ambapo Nuno alifika.

Ninawaomba juma hili, katika jumuiya zetu ndogondogo, tusome Luka 14:25-33 polepole, kila mmoja aketi na kuhesabu kama Bwana alivyosema. Aandike kwenye karatasi kitu kimoja alicho nacho mkononi ambacho kimeanza kumshika yeye: cheo, deni analomdai ndugu, neno ambalo lazima liwe lake. Wenye madeni ya kusamehe waanze nayo, maana huko ndiko mzee yule alianza. Tuwaombee pia ndugu waliosimama pande mbili za ugomvi mmoja, na viongozi wa nchi zetu ambao muda wao wa kuachia umefika.

Mtakatifu Nuno wa Santa Maria, utuombee.