Spana ya jeshi la Mjerumani: ukiona tai usikimbilie pochi

Wadau wa vifaa vya zamani, leo tuongelee hizi spana, plaizi na singe za Vita Kuu ya Pili zinazouzwa mtandaoni kama "orijino za Wehrmacht", yaani jeshi la Ujerumani la enzi hizo. Kila muuzaji anaanza na picha ya tai, yule ndege aliyegongwa kwenye chuma kama muhuri. Mimi tai namwangalia mwisho kabisa, maana huyo ndo rahisi kuliko vyote kufoji, chapa yenyewe inanunulika, mtu anagonga nyundo moja tu na spana ya bei ya chuma chakavu inageuka mali ya makumbusho.

Tai wa kweli ni chapa ya ukaguzi ya Heereswaffenamt, ofisi ya silaha ya jeshi la nchi kavu, kadogo tu, chini yake WaA (kifupi cha Waffenamt, ofisi ya silaha) na namba, na ile namba inaenda na wakaguzi waliopangiwa kiwanda fulani, so namba na kiwanda visipoendana hapo kuna mchezo. Kuanzia kama 1940 viwanda vingi vikaacha kuandika majina vikawa vinaweka herufi za siri, mfano singe yenye cof ni ya Carl Eickhorn wa Solingen. Kwenye singe za 84/98, zile za bunduki ya Mauser, cheki pia namba ya kisu na ya ala, zikilingana raha, zisipolingana bei ishuke.

Kinachowaumbua sana ni upande wa pili wa spana. Unakuta tai huku, kule imeandikwa "West Germany"! Jamani, vita imeisha 1945, Ujerumani Magharibi imeanza 1949. Herufi DBP nazo ni alama ya patenti ya baada ya vita, za zamani zinasoma DRP (patenti) au DRGM (usajili wa ubunifu mdogo), ingawa hizo zipo hata kwenye vifaa vya kiraia, kwahiyo peke yake haithibitishi jeshi. Wajanja wanayasaga maandishi na mashine, we laza rula pale, ukiona mwanga unapita chini yake kuna kibonde, achana nayo.

Halafu chukua lenzi. Chapa ya zamani, kutu ya ndani ya herufi inafanana na ya nje, na kingo zimelainika kwa kushikwa. Ya juzi kingo zinakwaruza kidole, chini kabisa chuma kinang'aa, au kuna kutu ya rangi ya chungwa kama kimemwagiwa chumvi wiki iliyopita.

Ukinunua kwa mbali omba picha iliyopigwa na tochi kutoka pembeni, flashi ya mbele inaficha kila kitu. Muuzaji akianza hadithi za babu yake aliyekuwa fundi wa vifaru badala ya kutuma picha, mi huwa nahamia tangazo lingine.