Nilivyofanikiwa kumbandika kidukari waya wa dhahabu

Mwaka wa pili huu niko Marekani nasomea wadudu, na kilichonitoa jasho sio mitihani, ni kumbandika kidukari waya mgongoni. Namsema kidukari wa mtama, yule wa rangi ya krimu anayejazana chini ya majani mpaka yanang'aa utamu na kuota ukungu mweusi. Huku alilipuka 2013 kwenye mtama wa Texas na Louisiana, wakulima wakapata hasara kubwa, ndo maana hela za kumchunguza zipo.

Kazi iko hivi, unachukua waya wa dhahabu mwembamba kuliko unywele, sentimita 2 hivi, unaubandika mgongoni kwa gundi yenye unga wa fedha, unamuweka kwenye jani, waya mwingine unachomeka kwenye udongo wa kopo. Akizamisha mdomo saketi inakamilika na kompyuta inaanza kuchora mstari, unabadilika kulingana na anachofanya mdomo humo ndani, asipozamisha mstari unalala tu.

Wiki mbili za kwanza niliua vidukari sijui wangapi. Gundi ikizidi anazama humohumo, ikipungua waya unachomoka, na siku moja nikapiga chafya jamani, wote 8 niliohangaika nao tangu asubuhi hata sikuona walikoangukia. Dada mmoja Muethiopia pale maabara ndo akaniokoa, akasema usibandike kwa mara moja, weka katone kadogo mgongoni kwanza, kakianza kukauka ndo ulete waya na katone kengine. Nikaacha na kahawa ya asubuhi maana mkono ulikuwa unatetemeka. Halafu anatakiwa akae na njaa kama saa moja hivi, na kizimba cha waya kinachozuia umeme wa nje kifungwe vizuri, mi nilikisahau siku moja nikarekodi umeme wa jengo usiku kucha.

Sasa zikaanza kutoka grafu za maana. Kwenye mtama dhaifu, yaani ule anaoushambulia kirahisi, kidukari anachomachoma kidogo, anapapasa, akiupata mshipa unaobeba sukari anautemea mate kwanza halafu anatulia, na akitulia ndo ametulia, masaa na masaa, kama mlevi aliyepata kiti karibu na kaunta. Nikaja kwenye ule mgumu, aina ya mtama inayomhimili kidukari, inaitwa RTx2783. Mi nilijua jani lenyewe litakuwa gumu asitoboe, kumbe wapi, anatoboa vizuri tu! Shida inaanzia kwenye mshipa, anachelewa kuufikia, na akiufikia hakai, anatema mate, ananyonya kidogo, anachomoa, anaanza upya. Mara nyingine anaishia mshipa wa maji, anakunywa maji tu. Yani ukipita shambani ukamuona mdomo umezama utasema huyu anakula, kumbe ana njaa, na mwenye njaa hazai sana, ndo maana hawajazani. Kwa macho nisingejua hata siku moja, nilikuwa napita nahesabu tu waliopo kwenye jani.

Nilipopata rekodi 8 safi kwa siku moja nikampigia mama Dodoma, nikamueleza yote, waya wa dhahabu, mate, mshipa, akasikiliza kwa utulivu mpaka mwisho. Akauliza, "Na hiyo mbegu, mwanangu, kwelea wanaiacha?"

Nikabaki kimya kidogo. Nikamwambia mama, kwelea tutawaangalia kwenye PhD.