Boliti ya nyuma imekatika

Kumbe ile tiki-tiki ya kila asubuhi nikiwasha kamyo haikuwa valvu! Ni boliti ya manifoldi ya moshi (bomba linalokusanya moshi wa injini), ya nyuma kabisa, imekatikia kwenye kichwa cha injini, moshi unavuja pale. Kamyo ni mzee, simlaumu.

Fundi wa kwanza hapa Birere, Goma, akataka kutoboa palepale. Nikamwambia tulia ndugu, drili ikikwenda upande tutashusha kichwa kizima. Bahati kisiki cha boliti kilichungulia nje, kama milimita 3. Papa mmoja wa kuchomelea akakivisha nati, akachomelea katikati, akangoja wekundu uishe, akazungusha polepole, mbele na nyuma. Nati ya kwanza iling'oka. Ya pili ikatoka na boliti yote, na kutu yake.

Kesho gasketi mpya, halafu safari ya Sake. Viazi vinanisubiri.